Namba 26: nani anapanga upepo wa tairi lako?

Fungua mlango wa dereva wa gari dogo lililotengenezwa miaka ya karibuni, kisha angalia kwenye nguzo, sehemu ile isiyoonekana mlango ukifungwa. Kuna kibandiko. Kama gari limetoka Japani, maandishi yake huenda usiyaelewe, lakini namba zinasomeka: 220, 230, au pengine 2.2, na pembeni yake kPa au kgf/cm². Hicho ndicho kiwango cha upepo ambacho tairi linatakiwa kuwa nacho likiwa limepoa, kabla gari halijatembea. Wengi wetu hatujawahi kukitazama. Wengine wanasoma namba iliyopo ubavuni mwa tairi wakidhani ndiyo hiyo, kumbe ile ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe. Tairi halijui limefungwa kwenye gari gani.

Sasa namba ya kwenye kibandiko aliiandika nani? Aliiandika mtengenezaji wa gari, siyo mtengenezaji wa tairi. Linasikika kama jambo dogo. Lakini mwaka 2000 nchini Marekani lilikuwa katikati ya ugomvi wa kampuni mbili zilizokuwa zimefanya biashara pamoja kwa karibu miaka 100, na nyuma ya ugomvi huo kulikuwa na vifo ambavyo hesabu yake, ilipofungwa, ilifika 271.

Kabla ya kufika huko, tukubaliane kwanza kwamba kinachobeba gari ni upepo. Mpira ni mfuko tu wa kuushikilia. Chukua gari la kilo 1,400, gawanya kwa magurudumu manne, kila moja limebeba kilo 350. Kama ndani mna kPa 220, hesabu ya fizikia ya sekondari inakuambia tairi linahitaji kugusa barabara kwa eneo la takriban sentimita za mraba 156. Hicho ni kiganja chako kimoja pamoja na vidole. Usalama wako wote barabarani umekaa juu ya viganja vinne.

Upepo ukipungua, uzito haupungui. Kwa hiyo eneo la kugusa chini lazima liongezeke, tairi linalala, na ubavu wake unanepa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gurudumu la gari dogo linazunguka kama mara 870 kwa dakika, na kila mzunguko kila kipande cha ubavu kinakunjwa na kunyooshwa. Hebu kunja waya huku na huku mara kadhaa, halafu shika pale ulipokuwa unakunja: pamepata moto. Mpira nao haurudishi nguvu yote iliyoukunja, inayobaki inageuka joto. Tairi lenye upepo mdogo, lililobeba mzigo mkubwa, kwa mwendo mkali, kwenye lami ya moto, linajipika lenyewe kutoka ndani. Mahali pa hatari zaidi ni kwenye kingo za mikanda ya waya iliyofichwa chini ya kashata. Hapo ndipo nyufa huanzia, zikikua mpaka siku kashata nzima inabanduka.

Robert William Thomson, Mskoti, alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, likasahaulika. Mwaka 1888 daktari wa mifugo wa Belfast, John Boyd Dunlop, akapata ya kwake baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Biashara ikalipuka, na sehemu ya mpira wake ilichumwa Kongo ya Leopold wa Pili kwa namna ambayo inastahili makala nyingine kabisa, tena ndefu.

Matairi ya magari ya mwanzo yalikuwa membamba na yalijazwa upepo mwingi sana kuliko ya leo. Yalikuwa magumu kama mbao. Mwaka 1923 kampuni ya Firestone ikaleta tairi pana, lenye upepo mdogo, lililopewa jina la puto. Watu walilipenda mara moja kwa sababu mashimo hayakusikika tena mgongoni. Naomba ushike hilo: tangu zamani, upepo mdogo umeuzwa kama starehe.

Halafu likaja tairi la radiali, ambalo Michelin ya Ufaransa iliandikisha hataza yake mwaka 1946. Ni tairi bora kwa karibu kila kipimo, ila lilituibia kitu kimoja. Ubavu wake ni laini na unatuna kidogo pale chini hata upepo ukiwa sawasawa. Dereva wa zamani alitazama tairi au akalipiga teke akajua lina shida. Kwa radiali, jicho linadanganya: tairi lililopoteza robo ya upepo wake linafanana sana na jirani yake aliye mzima. Tangu hapo huna njia ya kujua isipokuwa kwa geji, na watu wenye geji ni wachache.

Mwaka 1978 Firestone hiyohiyo ililazimika kurudisha zaidi ya matairi milioni 10 ya aina ya Firestone 500, radiali ambazo kashata zake zilikuwa zinabanduka. Katika kujitetea, kampuni ilisema madereva hawajazi upepo wa kutosha. Utetezi huo utausikia tena hapa chini, tena zaidi ya mara moja.

Mwaka 1990 Ford ilileta sokoni gari liitwalo Explorer. Lilikuwa gari la familia lenye umbo la juu, lililojengwa juu ya vyuma vya pikapu yao ya Ranger. Lilipendwa kupita kiasi; katika miaka ya 90 hakukuwa na gari la aina hiyo lililouzwa zaidi Marekani. Lakini gari la juu lina tatizo ambalo kila aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani analielewa: uzito ukikaa juu, kona kali inakuvuta uanguke. Katika majaribio ya mwaka 1989, kabla gari halijatoka, Explorer lilikuwa likinyanyua magurudumu kwenye kona za ghafla. Nyaraka za ndani za Ford, zilizokuja kuwekwa wazi baadaye kupitia mahakama na Bunge, zinaonyesha wahandisi walikuwa na njia kadhaa mezani. Wangeweza kutanua gari, lakini hilo lingechelewesha uzinduzi. Wangeweza kushusha kidogo mwili wa gari. Au wangeweza kupunguza upepo wa matairi.

Walishusha gari kidogo, na upepo wakaupunguza hadi psi 26.

Kwa nini kupunguza upepo kusaidie gari lisipinduke? Tairi gumu linang'ata barabara haraka, na gari la juu likishikwa miguu ghafla linabinuka. Tairi laini linachelewa kung'ata, linateleza pembeni kidogo kwanza. Kuteleza si kuzuri, lakini ni afadhali kuliko kubingirika. Isitoshe, psi 26 iliwapa abiria safari laini, na Ford wenyewe walitaja ulaini huo kama sababu. Yaani kwa mtazamo wa fundi anayetatua shida iliyo mbele yake, uamuzi ule haukuwa wa kijinga. Tatizo ni kwamba namba ileile iliyotuliza kona ilikuwa pia ndiyo inayobeba mzigo na ndiyo inayopunguza joto. Walichukua kutoka mfuko mmoja wakalipa deni la mfuko mwingine, na aliyebaki na mfuko mtupu alikuwa tairi.

Hebu tupige hesabu. Tairi zima, lisilo na pancha, hupoteza kama psi 1 kwa mwezi kwa kuvuja polepole kupitia mpira wenyewe. Ukianza na 35 ukasahau kwa miezi sita, una 29. Ukianza na 26 ukasahau kwa miezi hiyohiyo, una 20. Na watu wanasahau. NHTSA, mamlaka ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama wa magari, ilipopima magari mwaka 2001 ilikuta asilimia 27 ya magari madogo na asilimia 32 ya pikapu na magari ya aina ya Explorer yana angalau tairi moja lililopungua psi 8 au zaidi chini ya kibandiko. Mhandisi anayeandika 26 anajua, au anatakiwa ajue, kwamba mamilioni ya wateja wake watakuwa wanaendesha na 18.

Dalili za kwanza zilionekana kwenye joto. Saudi Arabia, nchi jirani za Ghuba na Venezuela zilianza kupata ajali za Explorer zenye sura moja: mwendo wa barabara kuu, kashata ya tairi la nyuma inabanduka, gari linayumba, linapinduka. Maelezo yaliyotolewa kuhusu Ghuba unaweza kuyakisia: madereva wa kule hupunguza upepo ili wapite kwenye mchanga wa jangwani, kisha wanarudi lami bila kujaza. Ni kweli watu hufanya hivyo, hata madereva wetu wa porini wanaujua ujanja huo. Lakini mwaka 1999 Ford ilianza kuwabadilishia wateja wa Ghuba matairi kwa gharama yake, na sheria ya Marekani ya wakati huo haikuwalazimisha kuiambia serikali yao. Kwa hiyo mwenye Explorer Texas, akiwa na tairi la aina ileile kwenye joto lisilopishana sana, hakuambiwa kitu.

Hata nyumbani kwao kulikuwa na aliyeona mapema. Mwaka 1998 mchambuzi mmoja wa kampuni ya bima ya State Farm aligundua madai 21 yanayohusu tairi hilohilo, akaiandikia NHTSA. Barua ile haikuanzisha chochote. Kilichoamsha watu ni taarifa ya kituo cha televisheni cha KHOU cha Houston mnamo Februari 2000. Simu za watazamaji zilimiminika, na Mei mwaka huo NHTSA ikafungua uchunguzi. Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone, ambayo kwa wakati huo ilikuwa inamilikiwa na Bridgestone ya Japani, ikatangaza kurudisha matairi milioni 6.5 ya aina za ATX, ATX II na Wilderness AT.

Hapo ndipo namba ikawa silaha. Firestone ilisema tairi letu linatakiwa psi 30, Ford ndio walioandika 26, na gari lenyewe linapinduka hovyo. Ford ikasema hili ni suala la tairi bovu, basi, na ikaonyesha kwamba Explorer zilizofungwa matairi ya Goodyear, kwa upepo uleule wa 26, hazikuwa na balaa hilo. Baadaye Ford ilibadili pendekezo lake likawa 30. Na Firestone, kama ilivyo desturi, haikuwasahau madereva wasiopima upepo.

Kwa wanaopenda tamthilia, hapa ipo. Henry Ford na Harvey Firestone walikuwa marafiki, na biashara yao ya matairi ilianza mwaka 1906. Mjukuu wa Firestone, Martha, aliolewa na mjukuu wa Ford, William Clay, mwaka 1947. Mtoto wao, William Clay Ford Jr., ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya Ford ugomvi huu ulipowaka. Damu ya nyumba zote mbili ilikuwa imekaa kwenye kiti kimoja. Mei 2001 mkuu wa Firestone, John Lampe, alimwandikia mtendaji mkuu wa Ford, Jacques Nasser, kwamba wanasitisha kuwauzia matairi. Siku iliyofuata Ford ikatangaza kubadilisha matairi mengine milioni 13 kwa gharama yake. Kabla mwaka haujaisha Nasser alikuwa ameondoka, na Ford Jr. akachukua nafasi yake.

Oktoba 2001 NHTSA ilitoa matokeo: matairi yale yalikuwa na kasoro. Safu ya mpira kati ya mikanda miwili ya waya, pale kwenye kingo, haikuweza kuzuia nyufa zisikue, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa mengi yaliyotoka kiwanda cha Decatur, Illinois. Mwaka 2002 ilikataa ombi la Firestone la kulichunguza Explorer lenyewe.

Mimi nakubaliana na NHTSA kuhusu tairi. Hoja ya Goodyear ni nzito: kama 26 peke yake ingetosha kuua, ingeua na huko. Lakini sikubali kwamba kwa sababu hiyo namba ilitoka mikono mitupu. Tairi lenye kasoro ndogo linaweza kuisha kashata na kutupwa kabla kasoro haijafika mwisho, ila ukilinyima upepo unaliharakisha kwenda huko. Kiwango cha upepo kina kazi ya kuacha akiba, ili dereva aliyesahau, joto la Julai na kosa la kiwandani visikutane siku moja. Ile 26 ilikula akiba yote kabla gari halijauzwa. Na hakuna hata familia moja kati ya zile iliyoulizwa kama inakubali.

Bunge la Marekani lilikwenda mbio. Sheria iliyoitwa TREAD ilisainiwa na Rais Clinton tarehe 1 Novemba 2000, chini ya miezi mitatu tangu matairi yaanze kurudishwa. Iliwalazimisha watengenezaji kutoa taarifa za hatua wanazochukua nje ya nchi, ili mambo ya Ghuba yasijirudie. Iliagiza viwango vya matairi vya mwaka 1968 vifanyiwe marekebisho. Na iliagiza kila gari jipya liwe na kitu cha kumwambia dereva kwamba upepo umepungua mno. Ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao, huko ndiko ilikoanzia kuwa lazima.

Nayo ilipiganiwa. Kuna njia mbili za kuiwasha. Ya kwanza ni kuweka kipimo ndani ya kila gurudumu. Ya pili ni ya bei rahisi na, kusema kweli, ina akili: tairi lililopungua upepo lina kimo kifupi kidogo, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake, na vifaa vya breki za ABS tayari vinahesabu mizunguko. Unalinganisha tu. Lakini kama matairi yote manne yamepungua pamoja, jambo ambalo ndilo hutokea mtu asipojaza upepo kwa miezi, hakuna wa kulinganishwa naye na taa inakaa kimya. Ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Marekani iliitaka njia hii ya pili iruhusiwe, ikisema itaeneza ABS. Kanuni ya 2002 ikaruhusu. Shirika la kutetea walaji la Public Citizen likaenda mahakamani pamoja na wengine, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikaitupa kanuni hiyo, kwa hoja ambayo hata mtoto angeielewa: sheria imesema mwambie dereva tairi likipungua, nanyi mmeleta chombo ambacho mara nyingi hakitamwambia. Kanuni ya mwisho ya 2005 ilitaka taa iwake tairi lolote, au yote manne, yakishuka asilimia 25 chini ya kibandiko, na kufikia Septemba 2007 ikawa lazima kwa magari mapya yote madogo.

Soma tena maneno hayo: chini ya kibandiko. Taa inapima umbali kutoka kwenye namba ya mtengenezaji wa gari, haiihoji namba yenyewe. Kama Explorer la 1990 lingekuwa na taa hiyo, ingewaka upepo ulipofika psi 19.5.

Magari mengi yanayotua bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika hayana taa hiyo, au inayo na betri za vipimo zilishakufa. Kilichobaki ni kile kibandiko na fundi wa pancha anayekuuliza, "Nikuwekee ngapi?" Wengi tunajibu "weka ya kutosha." Yeye anaweka 35, au 40 kwa sababu una mizigo, na anapima tairi lililotoka kutembea likiwa la moto. Joto likipanda kwa nyuzi 6 hivi, upepo nao unapanda kwa karibu psi 1, kwa hiyo ukimwambia apunguze hapohapo, asubuhi utaamka na upungufu. (Wanaoishi nyanda za juu wana la ziada. Geji inapima tofauti ya hewa ya ndani na ya nje. Ukijaza Njombe alfajiri kwenye nyuzi 10 na kupima tena Dar kwenye nyuzi 32, gari likiwa limepoa, joto limeongeza kama psi 3 na kushuka usawa wa bahari kumeondoa karibu hizohizo. Geji itakuonyesha kana kwamba hujasafiri.)

Kibandiko kiliandikwa kwa saizi ya tairi iliyotoka na gari na kwa idadi ya abiria gari lililokadiriwa kubeba. Ukibadilisha saizi, au ukipakia watu saba kwenye gari la watano, ile namba inakuwa ya gari lingine. Vinginevyo ianze hiyo. Gawanya kPa kwa 6.9 upate psi: 220 ni 32, 230 ni 33, na 180, kama utaikuta, ni ileile 26.